Nani Amebisha Hodi?

Msikilizaji, kama uko jikoni, endelea kukaanga vitunguu vyako, sauti itakufikia. Kama uko kwenye daladala, mwombe dereva aongeze kidogo.

Leo nina deni la kulipa. Wiki mbili zilizopita tulipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa binti mmoja, mzaliwa wa Tanga, anayeishi Marekani. Alianza kwa shikamoo, nami naitikia hapa hapa hewani: marahaba, mwanangu. Anasema mtaa anaokaa ni wa Wamarekani Weusi, na majirani zake wameanzisha jukwaa dogo la kukusanya simulizi za mtaa huo. Simulizi za wazee, za kinyozi, za kanisa la kona, za nyumba zilizobomolewa barabara kuu ilipopita. Wamemwomba akae nao kwenye meza ya uhariri, na kazi ya kwanza ni kuandika kanuni. Anauliza: "Mzee, tuandike nini? Wenzangu wengine wanataka kurasa arobaini."

Kurasa arobaini! Mwanangu, kurasa arobaini zitasomwa na yule aliyeziandika, na yeye mwenyewe ataishia ya kumi na mbili.

Nimekaa na swali lako, na jibu langu ni fupi. Nitalirudia mara kadhaa, ili hata aliyetoka kidogo kumfungulia mgeni mlango alikute. Jibu ni hili: kila mnachotaka kukitoa, jiulizeni kama mnaweza kumsomea mwenyewe, kwa sauti, barazani kwake, watoto wake wakisikiliza. Kwa sauti. Barazani kwake. Watoto wake wakisikiliza. Ulimi ukikwama mahali, rudini mezani, hata kama hakuna sheria iliyovunjwa.

Lakini ngoja. Hatujafika barazani bado. Kabla ya kukaribishwa barazani, lazima ubishe hodi. Tuanzie hapo, kwenye hodi.

Twende Charleston, mji wa bandari katika jimbo la South Carolina, mwaka 1937. Hiyo ni miaka ya anguko la uchumi, na serikali ya Marekani ilikuwa na mradi wa kuwapa kazi waandishi waliokosa ajira. Kati ya mwaka 1936 na 1938 baadhi yao walitumwa kuwahoji wazee waliozaliwa utumwani kabla hawajafariki. Zilikusanywa simulizi zaidi ya 2,300, na leo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge, Washington. Hazina kubwa. Na ndani ya hazina hiyo yumo bibi mmoja, Susan Hamlin, ambaye kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa amevuka miaka mia moja.

Bibi huyu alihojiwa mara mbili, na watu wawili tofauti. Mmoja aliyebisha hodi alikuwa mwanamke Mzungu. Bibi alidhani mgeni wake ametoka ofisi ya misaada, ile inayoamua nani apewe na nani asipewe. Akamsimulia kwamba bwana aliyemmiliki alikuwa mtu mwema, na maisha ya kale hayakuwa mabaya. Mwingine aliyebisha hodi alikuwa mwanamume Mweusi. Bibi yule yule, mji ule ule. Akasimulia viboko. Akasimulia familia zilivyotenganishwa, huyu akauzwa huku na yule kule, na vilio vya akina mama.

Sasa nikuulize, msikilizaji. Je, bibi alisema uongo?

Usijibu haraka. Tuseme zamani ulifanya kazi za ndani kwenye nyumba ya mtu mkubwa. Leo umezeeka, unakaa chumba kimoja. Anakuja mgeni nadhifu, ana kalamu na daftari, anafanana na watoto wa bosi wako wa zamani, na umesikia kwamba ndiye anayeandikisha majina ya watu wa mgawo wa unga. Anakaa, anatabasamu, anauliza: yule bosi wako alikuwa mtu wa namna gani? Wewe ungemwambia nini? Ungemwambia habari ya makofi?

Bibi Susan alimjibu aliyebisha hodi. Basi. Kila mtu mzima hufanya hivyo. Na hapa, mwanangu, ndipo ningeandika mstari wa kwanza wa kanuni zenu: kila simulizi iandikwe pamoja na jina la aliyeikusanya, walikaa wapi, nani mwingine alikuwepo chumbani, na msimulizi alidhani anaongea na nani. Hiyo ni nusu ya habari. Tunajua habari ya yale mahojiano mawili kwa sababu karatasi zote mbili zilitunzwa, kila moja na jina la mwandishi wake. Ingetunzwa ile ya mwanamke Mzungu peke yake, leo kungekuwa na mtu anainyanyua juu na kusema, mnaona, mwenyewe alisema hakuumia.

Sasa usije ukaondoka hapa ukisema, aha, kumbe dawa ni rangi. Mtume Mweusi kwa Mweusi, kila kitu kitanyooka. Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Binti yetu wa Tanga ni Mweusi pia, lakini mtaa ule una majonzi yake ambayo yeye hakuyarithi, na una utani ambao bado hajaukamata. Anajua hilo, ndiyo maana ameuliza. Ngoja nimpe kisa cha mtu aliyekuwa na rangi, akawa na lafudhi ya huko huko kusini, akawa na elimu, na bado mlango ukamshinda mara ya kwanza.

Mtu huyo ni Zora Neale Hurston, mwandishi aliyekulia Eatonville, Florida, mji mdogo wa Weusi uliojiendesha wenyewe. Mwaka 1927 alitumwa kwenda karibu na Mobile, Alabama, kumhoji mzee aliyejulikana kwa jina la Cudjo Lewis. Mzee huyu alikuwa mtu wa pekee. Marekani ilikuwa imepiga marufuku kuingiza watumwa kutoka Afrika tangu mwaka 1808, lakini mwaka 1860 tajiri mmoja wa Mobile alileta shehena ya watu kwa siri, kama 110 hivi, kwa meli iitwayo Clotilda, kisha meli ikachomwa moto ili kuficha ushahidi. Cudjo alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa hivi, ametekwa katika nchi ambayo leo tunaiita Benin. Uhuru ulipofika mwaka 1865, yeye na wenzake walitaka kurudi kwao. Nauli hawakuwa nayo. Basi wakafanya vibarua, wakanunua viwanja, wakajenga kijiji chao na kukiita Africatown. Kijiji hicho kipo hadi leo. Na mabaki ya meli yalitambuliwa rasmi mtoni mwaka 2019, baada ya watu wa nje kusema kwa miaka mingi kwamba huenda hadithi ile ilitungwa tu. Wenyewe Africatown walikuwa wanajua siku zote.

Haya. Hurston alifika majira ya kiangazi, akahoji, akaondoka. Oktoba mwaka huo makala ikatoka kwenye jarida la kitaalamu la historia ya Weusi. Na makala ile, msikilizaji, kwa sehemu kubwa ilikuwa imenakiliwa kutoka kitabu cha mwanamke Mzungu wa Mobile, Emma Langdon Roche, kilichotoka mwaka 1914. Ndiyo, ninayesema habari zake ni Hurston huyu huyu, gwiji. Wizi ule ulikuja kugunduliwa mwaka 1972, yeye akiwa ameshafariki. Simsemi kwa kumdhihaki. Namsema kwa sababu kila mhariri wa jukwaa dogo atakutana na siku hiyo: ripota amerudi mikono mitupu, tarehe ya kutoa imefika, na mahali fulani kuna mtu alishaandika habari hiyo hiyo. Kishawishi kinakuja kimevaa nguo za haraka. Kwa hiyo andikeni hivi: aliyerudi mikono mitupu hatafokewa, atatumwa tena.

Kwa sababu Hurston alirudi. Desemba ile ile akarudi Alabama, na safari hii alikuwa na muda. Katika ziara zake alikwenda siku moja na mapichi, siku nyingine na nyama ya paja la nguruwe, siku nyingine tikiti maji, wakala pamoja. Zipo siku mzee alimwambia leo sina nafasi, nalima bustani yangu, njoo siku nyingine. Akaondoka bila kinyongo. Zipo siku walikaa bila kusema lolote la maana. Na jambo alilofanya mlangoni, dogo kabisa, ndilo lililomtoa mzee machozi: hakumwita Cudjo. Alimwita Kossola, jina alilopewa na mama yake ng'ambo ya bahari. Mzee alishangaa kusikia mtu akilitamka.

Unaona? Rangi ilimfungulia geti. Mlango wa ndani ulifunguliwa na mapichi, na siku zile za kukaa kimya, na jina. Sasa mtauliza, je, msimulizi alipwe? Watu wa magazeti makubwa wanasema hapana, ukilipa umenunua maneno. Nami nawaelewa, habari ya kununuliwa ina harufu yake. Lakini mtaani ni kwingine. Umemkalisha bibi wa watu saa tatu, ameacha kuuza karanga zake, halafu unaaga kwa asante? Nunua karanga. Zote. Huko Chicago kuna shirika la habari liitwalo City Bureau, lilianzishwa mwaka 2015, lina mpango wa kuwafundisha wakazi wa kawaida na kuwalipa ili wahudhurie mikutano ya hadhara na kuandika kilichosemwa. Hawalipwi kwa kusema hiki au kile. Wanalipwa muda wao. Tofauti hiyo ishikeni vizuri.

Basi Hurston akaandika kitabu kizima. Mwaka 1931 muswada ulikuwa tayari. Mchapishaji akasema tunakitaka, lakini maneno ya mzee yaandikwe upya kwa Kiingereza safi. Maana Kossola alijifunza Kiingereza ukubwani, kwenye mashamba na mitoni, na alikisema kwa namna yake, kama vile mtu aliyejifunza Kiswahili akiwa na miaka ishirini anavyokupindulia ngeli zote na bado unamwelewa mpaka moyoni. Hurston akakataa. Kitabu kikalala. Hurston akafariki mwaka 1960, kitabu bado kimelala. Kilichapishwa mwaka 2018. Hesabu mwenyewe: kutoka 1931 hadi 2018.

Hapa najua kuna mhariri ananisikiliza ananuna. Anasema, mzee, kwa hiyo tusisahihishe kitu? Kila kikohozi kiandikwe? Hapana, ndugu yangu. Katika ule mradi wa serikali niliousema, alikuwepo mhariri wa masuala ya Weusi, mshairi Sterling Brown. Alipoona jinsi waandishi wa majimboni, wengi wao Wazungu, walivyokuwa wakiandika maneno ya wazee, aliwapelekea mwongozo mwaka 1937. Waandishi wale walikuwa wakichafua tahajia kwa makusudi. Chukua neno la Kiingereza "was", ambalo kila Mmarekani, awe profesa au mchunga ng'ombe, analitamka vile vile. Wao wakiliandika likitoka kinywani mwa Mweusi, waliliandika "wuz". Matamshi ni yale yale! Ila kwenye karatasi, mmoja anaonekana msomi na mwingine anaonekana mjinga. Brown akawaambia, kwa maneno yangu: shikeni kwanza jinsi mtu anavyoyapanga maneno yake, misemo yake, mafumbo yake, matamshi yaje nyuma, tena kwa kiasi. Akawawekea na orodha ya maandishi asiyotaka kuyaona.

Mimi sijaona kanuni bora kuliko hiyo mpaka leo, na ina umri wa kuwa babu yangu. Chukua mfano wa kwetu. Bibi wa Lamu anakuambia "mimi nali mtoto". Ukiandika "nilikuwa mtoto", umemhamisha kwao bila nauli. Hilo ni kosa. Lakini kijana wa bara akikuambia "nilikuwa naludi nyumbani", ukaiandika hiyo "l" ili wasomaji wacheke, nayo ni kosa, maana hukuandika lugha yake, umeandika meno yake. Mtihani ni ule ule. Unaweza kumsomea kwa sauti barazani kwake? Bibi wa Lamu atatikisa kichwa kwa furaha akisikia maneno yake. Yule kijana atainuka aondoke.

Nipe nafasi ya kujitia aibu kidogo. Nilipokuwa ripota kijana, kwenye kituo ambacho sitakitaja, nilitumwa kwenda kuandika habari ya mama mmoja muuza chapati ambaye kibanda chake kilivunjwa na mgambo. Nikaandika kwa uchungu kweli. Nikaanza hivi: "Mama huyu maskini..." Wiki iliyofuata nikapita pale, nimejaa, nadhani nitapewa chapati ya bure. Mama akanitazama. Akasema, "Mwanangu, ulikaa hapa ukaona nimesomesha watoto wanne kwa hiki chuma. Maskini umemwona wapi?" Sikuwa na jibu. Watoto wake walikuwa wamesikia redioni, na shuleni wameitwa watoto wa maskini. Chapati nililipia.

Hiyo ndiyo sababu nasema watoto wake wakisikiliza. Sikuivumbua kitabuni.

Na nadhani wenzetu Wamarekani Weusi wanalijua jambo hili kwa uchungu kuliko sisi. Kwa miaka na miaka mtaa wao ukitajwa kwenye magazeti makubwa, umetajwa kwa risasi, kwa moto au kwa takwimu ya umaskini. Hakuna harusi. Ndiyo maana gazeti la kwanza kabisa la Weusi nchini Marekani, Freedom's Journal, lililoanzishwa New York mwezi Machi mwaka 1827 na Samuel Cornish na John Russwurm, pamoja na hoja zake nzito za kupinga utumwa, lilichapisha pia nani amezaliwa, nani ameoa, nani amefariki. Sisi tunaona ni vitu vidogo. Lakini fikiria mji ambao jina la mtoto wako halijawahi kuonekana kwenye karatasi isipokuwa kwenye tangazo la mtoro au la mnada. Halafu siku moja linaonekana kwa sababu tu amezaliwa!

Gazeti lenyewe halikudumu, lilikufa mwaka 1829. Lakini mtindo ule haukufa. Robert Abbott alipoanzisha Chicago Defender mwaka 1905, inasimuliwa alikuwa na senti 25 na nakala 300, gazeti lake likaja kukua likawa sauti ya watu waliokuwa wakihama kusini kwenda kaskazini. Wahudumu wa mabehewa ya kulala kwenye treni walilisafirisha mpaka vijiji vya kusini ambako kulisoma hadharani kulikuwa hatari. Na humo ndani, pamoja na mambo makubwa, ulikuta habari ndogo ndogo za miji midogo: fulani amemtembelea dada yake, kwaya imepata sare mpya. Mhariri wa leo angezifuta kwa kusema hazina uzito. Mwanangu, msizifute. Wekeni kabisa kwenye kanuni: kwa kila habari ya msiba au ya polisi kutoka mtaani kwetu, tutajua pia na tutasema nani kafungua duka, nani kafaulu, mzee gani ametimiza miaka tisini. Huku si kuficha mabaya. Mtaa wowote una vyote viwili, hata huo unaokaa wewe unayenisikiliza.

Nimetaja mabaya. Hapa nataka kuwa mkali kidogo, kwa sababu jukwaa la mtaa lina ugonjwa wake, nao ni mapenzi. Tunapendana, tunajuana, basi mtu akisema jambo tunaliandika. Mjomba kasema! Sasa mjomba akisema jambo ambalo si kweli?

Mkumbukeni Ida B. Wells. Machi mwaka 1892, mjini Memphis, wanaume watatu Weusi wa duka la vyakula lililoitwa People's Grocery walitolewa jela na kundi la Wazungu, wakauawa. Mmoja wao, Thomas Moss, alikuwa rafiki yake Wells; Wells alikuwa mama wa ubatizo wa binti wa Moss. Angeweza kuandika kwa machozi tu, na nani angemlaumu? Aliandika kwa machozi na kwa hesabu. Alichunguza mauaji ya namna hiyo, moja baada ya jingine. Na alipotoa vijitabu vyake, alitumia idadi zilizochapishwa na magazeti ya Wazungu wenyewe, ili asiwepo wa kusema kwamba Weusi wametunga. Ofisi ya gazeti lake ilivunjwavunjwa na kundi la watu yeye akiwa safarini, akatishiwa kuuawa akirudi. Kazi yake haikuvunjwa, kwa sababu kila jambo lilikuwa na mahali lilipotoka.

Kwa hiyo, msimulizi anaposema yaliyompata yeye, ni yake, mwachieni na maneno yake. Anapomtaja mtu mwingine, kwamba fulani aliiba fedha za kanisa, hapo simama. Fulani naye ana baraza. Fulani naye ana watoto wanaosikiliza. Nenda kwake ukabishe hodi kabla ya kuandika. Ukiogopa kwenda, basi usiandike.

Mengine nitayapitia haraka, muda unanikimbiza. Masahihisho: mkikosea, sahihisheni mahali pale pale mlipokosea na kwa ukubwa ule ule, maana kosa lilisikika kwa kipaza sauti na msamaha hauwezi kunong'onwa. Watoto: mtoto hatoi ridhaa kwa kucheka mbele ya kamera, muulizeni mzazi, kisha mmuulize na mtoto mwenyewe. Picha za waliokamatwa na polisi: kukamatwa si kuhukumiwa, na picha ile itamfuata mtu kwenye kila usaili wa kazi. Nani anamiliki simulizi? Jibu langu, na hapa najua wanasheria watanipigia simu, ni kwamba mnaazimwa. Bibi akija mwaka ujao akasema mwanangu ile sehemu ya mume wangu wa kwanza naomba itoke, itoeni. Mtu hukua, na simulizi yake hukua naye.

Kuna na jambo la herufi. Kwenye Kiingereza watu Weusi walipigania kwa muda mrefu wapewe herufi kubwa. Zamani ilikuwa neno "Negro", na W. E. B. Du Bois ni mmoja wa walioandika barua kulidai hilo. New York Times ilikubali mwaka 1930. Kisha neno likabadilika, likawa "Black", na vita ikaanza upya, mpaka shirika la habari la Associated Press likakubali herufi kubwa mwaka 2020. Miaka tisini kati ya herufi moja na nyingine! Mimi nikiandika Wamarekani Weusi naweka W kubwa zote mbili. Kuna rafiki yangu mwalimu wa Kiswahili hunikosoa kila mara, nami humwacha akosoe.

Mtayarishaji ananionyesha vidole viwili, yaani dakika mbili. Binti yetu wa Tanga, nimekujibu? Ningeanza na hodi: nani amebisha, na andikeni jina lake. Kisha muda, na mapichi. Kisha maneno ya mtu yabaki maneno yake. Kisha hesabu za Ida B. Wells. Na yote hayo mnaweza kuyapima kwa kuyasoma kwa sauti, barazani kwake, watoto wake wakisikiliza. Wenzako wakisema bado kurasa arobaini ni lazima, basi waandike, ninyi wengine nendeni mkabishe hodi.

Lakini kuna kitu kimoja nilikiacha kwa Kossola, sikutaka kikuponyoke.

Kufikia siku zile za Hurston, mzee alikuwa amezika mke wake na watoto wao wote sita. Hurston aliomba kumpiga picha. Mzee akakubali, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa suti yake nzuri kuliko zote. Na miguuni hana kitu. Viatu amevivua makusudi. Akaeleza kwamba anataka aonekane kama yuko Afrika, kwa sababu huko ndiko anakotaka kuwa. Kisha akaomba apigwe picha makaburini, katikati ya watu wake.

Hakuna mwongozo wa mpiga picha yeyote ulioandika hivyo. Suti ya Alabama, miguu ya kwao, na nyuma yake makaburi. Alikuwa amehariri mwenyewe. Hurston akaipiga picha kama mzee alivyotaka.